Boila ya Shaba na Vifaa Vyake

Katika sanaa ya kuunda magarimoshi madogo, ambayo huko Uingereza ilijipatia wapenzi wengi tangu jarida la Model Engineer lilipoasisiwa mwaka 1898, hapana kazi itakayo hadhari kama kuipachika boila ya shaba nyekundu vali zake, filimbi yake na kioo cha kupimia maji. Bamba lake ni jembamba, aghalabu milimita 2 au 3 tu, na shaba nyekundu yenyewe ni laini. Kwa hiyo hesi zilizokatwa katika bamba tupu hazistahimili nguvu ya mvuke, na fundi azitegemeaye huhatarisha roho yake na za watazamaji.

Ndiyo sababu kila tundu hutiwa kwanza bushi, yaani kipete kinene cha shaba iliyochanganywa na bati, kikalehemiwa kwa lehemu ya fedha iyeyukayo kwa nyuzi 650 hivi, ilhali shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085. Shaba ya manjano haifai abadan, na hili twapenda msomaji alitie maanani: maji ya moto huila zinki yake polepole hata ikabaki kama sifongo, nayo kwa nje ingali yang'aa.

Kisha, ili kuijaribu, boila hujazwa maji baridi pomoni, ikashindiliwa kwa pampu hadi mara mbili ya shinikizo la kazi. Maji, tofauti na mvuke, hayakubali kubanwa. Kwa hiyo kiungo kibovu huvuja matone tu, wala hakilipuki.