Sura ya Kijana wa Nariokotome

Mkazi wa Turkana anayejulikana zaidi duniani hakuacha picha, na sura tunayomjua nayo ilitengenezwa Ulaya. Agosti 1984, Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku, aliokota kipande kidogo cha paji la uso kando ya mto mkavu wa Nariokotome, kaskazini mwa Lodwar. Kikosi cha wanasayansi Richard Leakey na Alan Walker kikachimba hadi kikapata karibu mifupa yote ya mtoto wa kiume aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa yenyewe iko Nairobi. Habari ya uso wake, hata hivyo, sisi wapenzi wa mekapu za filamu tuna haki ya kuisimulia, kwa kuwa ufundi uliouumba ni ndugu wa ule wa sinema.

Tuanze na sinema. Mwaka 1931 fundi wa mekapu Jack Pierce alimgeuza mwigizaji Boris Karloff kuwa jitu la filamu ya Frankenstein kwa pamba na gundi, tabaka juu ya tabaka, akianza upya kila asubuhi. Baadaye povu la mpira ndilo lililobadilisha kazi hiyo. Fundi huchukua nakala ya uso wa mwigizaji kwa plasta, hufinyanga udongo juu yake, hutengeneza kalibu, kisha humimina mpira na kuuoka. Kinachotoka ni chepesi na hukunjamana pamoja na ngozi.

Mwaka 1968 ulikuwa wa sokwe. John Chambers alipata tuzo ya heshima ya Oscar kwa filamu ya Planet of the Apes, enzi ambayo mekapu haikuwa na tuzo yake ya kushindaniwa. Kwangu mimi bingwa wa mwaka ule ni Stuart Freeborn, aliyetengeneza watu-nyani wa 2001: A Space Odyssey, barakoa ambazo mwigizaji alichezesha midomo yake kwa ulimi akiwa ndani. Arthur C. Clarke, mwandishi mwenza wa filamu hiyo, alitania kwamba huenda waamuzi wa Oscar walidhani wale ni nyani wa kweli. Afrika yao, lakini, ilikuwa studio ya Uingereza yenye picha za jangwa la Namibia nyuma. Quest for Fire ya 1981, filamu ya binadamu wa kale, angalau ilifika Kenya kupiga baadhi ya picha zake, na mwaka 1983 Sarah Monzani na Michèle Burke wakapewa Oscar ya mekapu kwa filamu hiyo.

Kutoka hapo hadi makumbusho ni hatua fupi. Mfaransa Élisabeth Daynès, mmoja wa wachongaji mashuhuri wa binadamu wa kale, alianzia kwenye barakoa za tamthilia. Kijana wetu aliyeko Neanderthal Museum, Ujerumani, ni kazi ya mapacha wa Uholanzi, Adrie na Alfons Kennis. Mafundi wa aina hii huanza na nakala ya fuvu, hujenga misuli kwa udongo, humimina silikoni, kisha huchomeka nywele mojamoja. Fuvu huwaongoza kwenye taya na tuta la juu ya macho. Umbo la masikio, unene wa midomo na rangi ya ngozi, fuvu halionyeshi, na hapo fundi huamua mwenyewe, kama afanyavyo mwenzake wa filamu.

Kwa nini basi kijana huyo asiigizwe kwenye filamu hapahapa Turkana? Watu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma si wageni wa kamera: shirika la FilmAid lilianza kuonyesha filamu kambini mwaka 2001, hadharani usiku, baadaye likawafunza vijana kuzitengeneza. Vifaa vingine si ghali pia. Damu bandia ya Dick Smith, bingwa aliyemzeesha F. Murray Abraham katika Amadeus mwaka uleule wa 1984, kwa sehemu kubwa ilikuwa sharubati nzito ya mahindi na rangi ya chakula. Sukari iliyochemshwa ikashika itatufaa.

Mwili wa kijana yule hautahitaji hila. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miguu mirefu ya mtu wa nchi ya joto. Vijana wa namna hiyo wamejaa kando ya barabara ya Lodwar. Mpira ubandikwe kwenye paji na taya tu. Taabu itakuwa jasho, maana gundi huachia ngozi inapolowa, na jua la huku halingoji saa nne. Abandikwe gizani, kamera iwashwe kukipambazuka, na kufikia saa tatu asubuhi awe ameshabanduliwa.