Mwisho wa Juma Chini ya Mlima Meru: Historia ya Mikutano Iliyotufunza Uraia

Masika yakishapita na ubaridi wa kipupwe ukashuka kutoka mlimani, barabara itokayo Arusha mjini kuelekea Usa River hubadilika sura kila Jumamosi. Tengeru ni siku ya gulio, kama ilivyo Jumatano. Akina mama hushuka na mikungu ya ndizi, vijana hupanga nguo za mitumba juu ya maturubai, na magari ya harusi hupita yakipiga honi huku tarumbeta zikilia nyuma ya pikapu. Jumapili zamu ni ya Ngaramtoni, na baada ya ibada makanisa ya vijijini hufanya mnada wa mazao. Tangu Juni hadi Septemba, wakati mahindi yanavunwa na kahawa inaanza kuiva, ni vigumu kumpata mtu wa Meru mwenye mwisho wa juma usio na shughuli: harusi, kipaimara, harambee ya zahanati, kikao cha ukoo, sikukuu ya mavuno.

Wenzetu wengi wanaoandaa mipango ya maendeleo huyaona mambo haya kuwa ni mapumziko, au hata upotevu wa fedha na muda. Ninataka kuonyesha kwamba yana historia ndefu, na kwamba sehemu kubwa ya siasa zetu za kudai haki ilizaliwa humo.

Tuanze na maji. Kabla ya Wajerumani kujenga boma la Arusha mwaka 1900, wakulima wa miteremko hii, Wameru upande wa mashariki na Waarusha upande wa magharibi, walikuwa tayari wamechimba mifereji ya kumwagilia mashamba yao. Mfereji haumilikiwi na mtu mmoja. Ukiziba kwa juu, wa chini anakosa maji. Kwa hiyo kila mtumiaji alipaswa kutoka siku ya kuusafisha, na aliyekwepa alitozwa faini au alinyimwa zamu yake. Kwa Waarusha, mfumo wa rika uliongeza nguvu nyingine: vijana waliotahiriwa pamoja walikuwa na wasemaji wao, na mashauri yalizungumzwa hadharani, watu wameketi chini ya mti, kila upande ukisikilizwa. Hapo mtu alijifunza kusema mbele ya wenzake na kukubali uamuzi asioupenda.

Mwisho wa juma wenyewe ulikuja baadaye. Juma la siku saba lenye siku moja ya kupumzika lililetwa na misheni na shamba la mlowezi. Wamisionari wawili wa Leipzig waliuawa hapa Meru mwaka 1896, na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa ukatili mkubwa. Misheni ilirudi na kujikita Nkoaranga mwaka 1902, kisha Ilboru mwaka 1904. Wakati huohuo ardhi ya chini ya mlima iligawiwa walowezi, wakiwemo Maboer kutoka Afrika Kusini, hadi wenyeji wakajikuta wamebanwa kati ya msitu wa juu na mashamba ya wageni ya chini. Kijana aliyekwenda kufanya kazi katika mashamba hayo aliajiriwa kwa kipande, na siku zake zilihesabiwa na msimamizi. Jumapili ndiyo siku iliyobaki kuwa yake. Si ajabu, basi, kwamba mambo yote yaliyowahusu wenyeji wenyewe, kuanzia posa hadi mashauri ya ardhi, yalisukumwa kwenye siku hiyo.

Humo ndimo ulimokomaa mnada wa kanisani. Asiye na fedha taslimu hutoa mayai, kuku, ndizi, maziwa au debe la mahindi. Bidhaa huuzwa hapohapo nje ya kanisa, na mara nyingi mnunuzi huirudisha ili inadiwe tena. Yai moja laweza kuuzwa mara nne. Mbele ya wote, mweka hazina huhesabu na kutangaza kilichopatikana. Maskini anaonekana ametoa, tajiri anaonekana ametoa, na jumla inajulikana na kila mtu, hata mtoto.

Sasa tufike mwaka 1951. Serikali ya Kiingereza, ikifuata mapendekezo ya tume ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1946, iliamua kuwaondoa Wameru katika eneo la Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, ili liwe la wafugaji wa Kizungu. Uhamishaji ulianza mwezi Novemba. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa moto, na wakaelekezwa Kingori, mahali walipopakataa kwa ubaya wake. Hawakushika silaha. Walikutana, wakajadiliana, wakachangishana fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet kwenda New York. Mwaka 1952, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza dunia yaliyotokea Meru. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Lakini Watanganyika walikuwa wameona kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuishtaki serikali inayomtawala. TANU ilizaliwa miaka miwili baadaye, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye alisafiri kwenda New York kwa njia iliyokwisha kufunguliwa.

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara: wakulima wa kahawa, wengi wao wasiojua kusoma, waliwezaje kugharimia safari kama hiyo bila mfadhili na bila chama cha siasa cha nchi nzima? Jibu langu ni kwamba walikwisha kuwa na mazoea. Kahawa iliwapa fedha kidogo. Mifereji na mikutano ya koo iliwafunza nidhamu ya zamu. Kanisa liliwafunza kuchangia hadharani na kuhesabu mbele ya macho ya watu. Mwaka 1951 ulipofika, hawakulazimika kubuni njia ya kukusanyika. Walibadilisha ajenda tu.

Baada ya uhuru, dola yetu ilitambua nguvu hii na ikajaribu kuitumia. Azimio la Arusha, lililotangazwa mwezi Februari 1967, liliweka watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora kuwa misingi ya maendeleo, na likaikataa dhana kwamba fedha ndiyo msingi. Wananchi waliitwa kujenga shule na barabara kwa mikono yao. Ila dola iliyowasifu wananchi kwa kujitegemea ndiyo iliyofuta serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Vyombo hivyo vilirejeshwa katika miaka ya 1980, vikiwa vimepoteza mengi. Mnada wa Jumapili na kikao cha ukoo havikufutwa kwa sababu havikuwa vimeandikishwa popote. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya na ayatafakari maneno hayo kwa utulivu.

Sitaki kuipaka historia hii rangi za kupendeza tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru waligawanyika vibaya kuhusu kuwa na dayosisi yao, mbali na Dayosisi ya Kaskazini yenye makao yake Moshi. Majirani waliokuwa wakinunua mayai katika mnada mmoja walipigana, mali zikaharibiwa, na jeraha lile halijasahaulika katika baadhi ya familia. Uwezo wa kukusanyika ni kama panga la shambani. Hukata magugu, na humkata pia aliyelishika vibaya. Aidha, katika mikutano mingi ya zamani wanawake walipika na wanaume wakaamua. Hatuna sababu ya kuililia sehemu hiyo.

Lakini hatari ninayoiona leo ni nyingine. Ni mgeni rasmi.

Miaka michache iliyopita, Jumapili moja ya Agosti, nilihudhuria mnada katika kijiji kimoja cha mteremko wa kusini. Bibi mmoja alileta mayai kumi ndani ya kikapu. Yaliuzwa, yakarudishwa, yakauzwa tena. Mwishoni mweka hazina akasoma mapato. Kijana mmoja akanyanyua mkono na kuuliza ziko wapi bati zilizonunuliwa kwa mchango wa mwaka uliotangulia. Minong'ono ikapita. Mzee wa kanisa hakukasirika, alimwambia katibu, "Fungua daftari, msomee." Likafunguliwa, likasomwa, kijana akaketi. Majuma mawili baadaye, kijijini hapohapo, ilifanyika harambee ya darasa. Palikuwa na hema, muziki, chakula, na mgeni rasmi aliyefika amechelewa saa tatu. Aliahidi mifuko ya saruji, akapigiwa vigelegele, akaondoka. Hakuna aliyeuliza kitu. Nani angemuuliza mgeni?

Tofauti ya mikutano ile miwili ndiyo hoja yangu yote. Katika wa kwanza mtoaji ana haki ya kuuliza kwa sababu ametoa. Katika wa pili mpokeaji ananyamaza kwa sababu amepewa. Sheria yetu ya uchaguzi ilifikia kuhalalisha takrima mwaka 2000, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Wenzetu wa Kenya, walioifanya harambee kuwa kaulimbiu ya taifa tangu enzi za Mzee Kenyatta, walijifunza kwa gharama kubwa jinsi mchango wa hadhara unavyogeuka jukwaa la kununulia kura. Sheria yao ya maadili ya mwaka 2003 iliwabana viongozi wa umma katika uchangishaji, na bado mjadala haujaisha.

Kwetu, elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, michango ya lazima mashuleni ilikatazwa, na kwa haki kabisa. Hakuna mtoto anayestahili kurudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa dawati. Hata hivyo baadhi yetu tulielewa vibaya. Tulidhani kwamba kuondolewa kwa lazima ni kuondolewa kwa wajibu wa kukutana na kuuliza. Leo tuna kamati za harusi zenye mwenyekiti, mweka hazina na kundi la simu linalotangaza michango kila jioni kwa uwazi ambao halmashauri nyingi zingeuonea wivu. Watu haohao hawajawahi kuingia katika mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa wao, ambako sheria inawapa haki ya kusomewa mapato na matumizi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwanafunzi unayerudi Meru likizo hii, nenda kwenye mkutano wa kijiji, uliza daftari. Mwanaharakati, kabla ya kuandaa semina katika hoteli ya mjini, tafuta mahali watu walipokwisha kukusanyika. Mtumishi wa umma, ukialikwa kuwa mgeni rasmi, kataa kiti cha mbele mpaka hesabu za mwaka jana zisomwe kwanza. Walioondolewa Engare Nanyuki hawakuwa na hema wala muziki. Walikuwa na mazoea ya kuhesabu senti zao hadharani, na kwa mazoea hayo wakafika New York.