Uso wa Pushkin: Picha Moja, Wasomaji Wengi

Tumezoea kusema kwamba mwandishi ni zao la jamii yake. Sawa, lakini picha yake je? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba picha ya mwandishi nayo husomwa upya kila nyakati zinapobadilika, na msomaji asiyejihadhari huishia kujisoma mwenyewe. Mfano wangu ni picha ya mshairi wa Kirusi, Alexander Pushkin, iliyochorwa na Orest Kiprensky mwaka 1827. Picha hiyo imo katika makumbusho ya Tretyakov, Moscow.

Tuanze na kilichomo. Pushkin amekunja mikono kifuani, nguo yenye miraba imemwangukia begani, macho yanatazama pembeni. Nyuma yake ipo sanamu ndogo ya mungu wa kike wa Wayunani, mlezi wa ushairi, ameshika kinubi. Huyu ni mshairi aliyejitenga na makelele ya dunia, kama wanaulimbwende walivyopenda.

Sasa jiulize: hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo? Hata kidogo! Desemba 1825 maofisa wa jeshi waliasi St. Petersburg. Mwaka 1826 watano walinyongwa, na wengine, wakiwamo rafiki zake Pushkin, wakapelekwa Siberia. Mwaka huohuo Mfalme Nicholas wa Kwanza alimrudisha Pushkin kutoka uhamishoni, kisha akajifanya mwenyewe mkaguzi wa maandishi yake. Hayo yote mchoraji hakuyatia. Naye Pushkin alimwandikia Kiprensky shairi akisema kwamba anajiona kama katika kioo, ila kioo chenyewe kinampamba. Kumbe wa kwanza kuitilia shaka picha ni mwenye uso!

Baada yake, kila zama zilikuja na mahitaji yao. Mwaka 1937 dola ya Stalin iliadhimisha miaka 100 ya kifo chake kwa shangwe kubwa, ikimfanya mshairi wa umma, mwaka uleule ambao waandishi walikuwa wakikamatwa na kuuawa. Na tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote mwaka 2022, sanamu zake kadhaa zimeng'olewa huko, maana watu wanaona ndani yake uso wa dola iliyowatawala.

Na sisi Waafrika je? Babu wa mama yake Pushkin, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akapelekwa kwa Mfalme Peter, akaishia kuwa jenerali. Mwaka 1899 msomi Dmitry Anuchin alitetea kwamba Gannibal alikuwa Mhabeshi. Eti mtu mweusi wa sehemu nyingine za Afrika asingeweza kuwa chimbuko la kipaji kama hicho. Mwaka 1996 Dieudonné Gnammankou wa Benin alichapisha kitabu kinachomrudisha Gannibal Logone, katika Kameruni ya leo.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mara nyingi nasikia wenzetu wakisema, "Tazama zile nywele, huyu ni wetu!" Jamani, tukimpima Pushkin kwa nywele na pua tunashika mizani ileile ya Anuchin, tofauti ni kwamba tunaegemea upande wa pili. Ushahidi bora tunao katika maandishi. Katika sura ya kwanza ya Eugene Onegin, iliyotoka mwaka 1825, Pushkin aliitaja Afrika kuwa yake na kuweka maelezo juu ya ukoo huo. Na mwaka 1827, mwaka wa picha hii, alianza riwaya juu ya Gannibal, ingawa hakuimaliza. Mchoraji alimpa kinubi cha Wayunani. Yeye mwenyewe, kalamu mkononi, alikuwa anamtafuta babu yake Mwafrika.

Kwa hiyo nasema, picha isomwe pamoja na kurasa za mwaka wake, na pale zinapopingana tuulize nani aliagiza na nani alikuwa akikagua. Anayeona kwamba uso peke yake unatosha, naye alete hoja zake.