Mkono Uliokumbuka

Jirani yangu mmoja, fundi seremala, alianguka na pikipiki. Kidonda cha kichwani kikafunga, nywele zikaota, na sisi majirani tukampongeza mkewe kwamba mumewe amepona. Lakini fundi huyo sasa akishika randa anasahau alitaka kufanya nini. Mtaani wameanza kumwita mvivu. Na mimi, nakiri, nilikaribia kuamini hivyo.

Ndipo nikakumbuka kisa cha Vita Kuu ya Pili. Machi 1943, huko Smolensk, afisa kijana wa jeshi la Kisovieti, mwenye umri wa miaka 23, alipigwa risasi ya kichwa, upande wa kushoto kwa nyuma. Akapona kidonda. Lakini kijana huyu aliyekuwa amesoma chuo cha ufundi hakuweza tena kusoma hata herufi moja, na vitu vya upande wake wa kulia hakuviona.

Alipokelewa na Alexander Luria, daktari na mwanasaikolojia, aliyeongoza hospitali ya majeruhi wa ubongo katika milima ya Ural. Akaanzishwa alifabeti upya kama mtoto. Kuandika kukamshinda kabisa, kwani kila herufi ilimbidi aitafute kichwani, na haikuonekana. Siku moja daktari akamwambia aache kutafuta herufi. Aandike neno zima kwa mkupuo, bila kuinua mkono. Neno lilikuwa "damu". Mkono ukaliandika! Yeye mwenyewe hakuweza kulisoma.

Sababu ni kwamba mtu mzima hachori herufi moja moja. Mkono wake umezoea mwendo wa neno zima, na mwendo huo hutegemea sehemu nyingine ya ubongo, ambayo risasi haikuigusa. Mwaka 1948 Luria alitoa kitabu kuhusu jambo hili hili: sehemu iliyokufa hairudi, ila kazi yake yaweza kupitishwa kwingine, kama basi linavyozunguka daraja likikatika.

Kijana yule hakupona kabisa. Lakini aliandika habari za maisha yake kwa miaka 25, kurasa zipatazo 3,000, na siku nyingine hakuvuka nusu ukurasa. Luria alizichapisha sehemu zake mwaka 1971.

Nilimsimulia mke wa fundi. Naye akamchorea mumewe hatua za kutengeneza stuli ukutani, moja chini ya nyingine, na kila akimaliza moja anaifuta. Wiki iliyopita stuli ya kwanza ilikamilika. Mguu mmoja ni mfupi kidogo. Nimeinunua, na ndiyo niliyokalia ninapoandika haya.