Mvumo Ndani ya Kichwa

Sisi wa Makongolosi, katika nchi ya machimbo ya dhahabu ya Chunya, twajua jinsi watu wanavyoumia kichwa kwa jiwe la shimoni au kwa kuanguka na pikipiki. Pengine jeraha lapona, kisha jicho latokeza nje, lawa jekundu, na mgonjwa husikia mvumo kichwani uendao pamoja na mapigo ya moyo. Wengine husema ni pepo. Sivyo: mshipa uletao damu umetoboka, nao wamimina damu ndani ya mshipa uirudishao.

Mwaka 1809 Benjamin Travers wa London alitibu jicho la namna hii kwa kuufunga mshipa mkubwa wa shingoni. Lakini kufunga hivyo huweza kuunyima ubongo damu. Ndipo Fedor Serbinenko wa Moscow alipopitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, akaliziba tundu lenyewe kwa kibofu kidogo. Habari zake zilienea mwaka 1974. Na tangu mwaka 2018 waganga wa Muhimbili, Dar es Salaam, wamefundishwa kutibu maradhi kwa mirija ya namna hiyo.

Basi, ndugu, aonaye dalili hizi asingoje, aende hospitali. Jicho likicheleweshwa laweza kupofuka.