Chipukizi Atunzwe Miaka Mingapi? Historia Fupi ya Kanuni Iliyokaribia Kutugombanisha

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata nizungumzie mchezo, ingawa mtaona kwamba hatuendi mbali sana na kazi yetu.

Mimi ni msimamizi wa ligi ya fantasi ya mpira wa kikapu ya watu kumi tuliosoma pamoja chuo kikuu. Kwa asiyeijua: tunanunua wachezaji halisi wa NBA kwa mnada, kwa pesa za mchezo tu, kisha pointi na ribaundi wanazopata uwanjani zinageuka kuwa alama zetu. Kila mtu huchanga shilingi 2,000 na bingwa hubeba zote 20,000. Tuna kanuni moja ya kutunza: ukinunua chipukizi kwa bei ya chini, unaweza kubaki naye misimu miwili zaidi kwa bei ile ile. Mistari hiyo miwili ndiyo iliyotaka kuvunja urafiki wetu Oktoba 2025. Ndipo nikaanza kuchimba ilitoka wapi.

Mizizi yake si mpira wa kikapu, ni besiboli. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake walianzisha ligi yao New York, wakaipa jina la mkahawa waliokuwa wakikutania, La Rotisserie Française. Kila timu ilikuwa na bajeti ya mnada. Jambo la busara walilofanya ni kuifanya bei ya mnada iwe mshahara wa mchezaji, na mshahara huo uendelee naye msimu unaofuata. Katika kanuni zao zilizochapishwa, mkataba ulikuwa na kikomo: ukifika mwaka wa tatu, ama umwachilie, ama umbakishe mwaka wa mwisho, ama umwongezee miaka kwa kupandisha mshahara. Mwenye jicho la kuona kipaji mapema alipata faida, lakini si ya milele.

NBA yenyewe ilikuwa imeshakutana na swali hili. Mwaka 1978 Boston Celtics walimchagua Larry Bird katika nafasi ya 6, huku wakijua bado ana mwaka mmoja wa chuo Indiana State. Timu zilizohitaji mtu wa kucheza msimu ule ule zilimpita. Boston walingoja. Bird alirudi chuoni, akaifikisha timu yake fainali ya Machi 1979, akashindwa na Michigan State ya Magic Johnson. Celtics walikuwa na muda hadi drafti ya 1979 kumsajili, la sivyo wangempoteza. Walimsajili Juni, kwa dola milioni 3.25 za miaka mitano. Baadaye NBA ikabadilisha kanuni ili mchezaji asichaguliwe kabla hajawa tayari kusajiliwa.

Kisha ikaja bei. Mwaka 1994 Glenn Robinson, chaguo la kwanza, alipata mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 68 kabla hajacheza mchezo hata mmoja. Mwaka 1995 NBA ikaweka viwango maalumu vya mishahara ya wachezaji wapya. Tangu hapo chipukizi akichanua, timu yake inafaidi kwa miaka michache kwa bei nafuu.

Lakini kutunza ni kubahatisha pia. Sisi Waafrika Mashariki tunalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa 2 na Memphis. James Harden alikuwa wa 3, Stephen Curry wa 7. Nilikuwa shule ya msingi, na kila mtu mtaani alisema huyu wetu atatisha. Msimu wake wa mwisho NBA ulikuwa 2013-14, na wastani wake wa misimu yote ya NBA ukabaki pointi 2.2 kwa mchezo. Aliyemtunza kwenye ligi yake ya fantasi alichoma nafasi huku Curry akikua kwenye timu ya jirani. Nafasi hiyo iliyochomwa ndiyo inayofanya kutunza kuwe na haki, kwa sababu anayekisia vibaya naye analipa.

Sasa turudi kwetu. Chet Holmgren alichaguliwa wa 2 mwaka 2022, akaumia mguu Agosti, akakosa msimu mzima wa 2022-23. Rafiki yangu alimnunua kwa dola 1 akamweka benchi mwaka mzima bila alama hata moja. Tulimcheka sana. Oktoba 2025, Holmgren akiwa bingwa wa NBA na Oklahoma City, programu niliyoiandika ilihesabu misimu tangu siku ya kununuliwa, ikamtoa na kumrudisha mnadani. Rafiki akasema msimu wa kwanza wa Holmgren ni 2023-24, kwa hiyo bado ana mwaka mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa na pesa nyingi zaidi za mnada. Mnaelewa jinsi ilivyoonekana.

Nilipoangalia NBA inavyofanya, niligundua ina saa mbili. Saa ya mkataba haisimami kwa jeraha: mkataba wa kwanza wa Holmgren ulihesabiwa kuanzia 2022, akiwa uwanjani au hospitalini. Saa ya tuzo ya mchezaji mpya bora huanza anapocheza: Holmgren alishindania tuzo hiyo 2024 akawa wa pili nyuma ya Victor Wembanyama, na Blake Griffin aliyechaguliwa wa kwanza 2009 akaumia goti aliichukua 2011. Ligi yetu ilikuwa imeandika neno "chipukizi" bila kusema ni saa ipi. Nami nikaweka variabo moja mahali palipotakiwa mbili.

Kwa kanuni, programu ilikuwa na hoja. Lakini nilipotafuta ujumbe wa 2023 kwenye simu, nilikuta nimemwandikia rafiki kwa mkono wangu: "Huyo bado ni mgeni, mwaka wake haujaanza." Alimtunza akiniamini. Nikamrudishia Holmgren kwa msimu mmoja, nikautuma ujumbe ule kwa wote ili waone kosa ni la nani.

Kanuni mpya inasema miaka inahesabiwa tangu mnada, jeraha au la. Mwenye ligi ya kutunza, andika yako leo, kabla chipukizi wako hajawa nyota. Akishakuwa nyota, kila mtu atakuwa na saa yake.