Buluu Juu ya Kaboni

Mwaka 1928, katika kiwanda cha rangi cha Grangemouth, Uskoti, chombo cha kutengenezea kemikali kilipata ufa, na uchafu wa buluu wenye chuma ndani yake ukajitokeza. Ndivyo jamii ya rangi ziitwazo ftalosianini ilivyoingia viwandani, kwa kupaka rangi tu.

Kazi ya umeme ilikuja baadaye. Mwaka 1964 Raymond Jasinski alionyesha kwamba ftalosianini ya kobalti huisaidia oksijeni kupokea elektroni katika seli za fueli. Muongo mmoja baadaye, Meshitsuka, Ichikawa na Tamaru wa Japani waliipaka jamii hiyo kwenye grafiti na kuitumia kuipa hewa ya ukaa elektroni.

Swali zito likawa: ipakwe kiasi gani? Mtu angedhani nyingi ndiyo bora. Sivyo. Molekuli hizi ni bapa na hupenda kulaliana kama chapati; zikirundikana, elektroni hazizifikii zote vizuri, na za ndani hukosa hewa ya ukaa. Mkondo wa jumla unaweza kupanda huku kazi ya kila molekuli ikishuka. Kipimo cha wingi peke yake, kwa hiyo, hupotosha.

Mwaka 2019, kundi lililohusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale lilitawanya molekuli za ftalosianini ya kobalti moja moja juu ya mirija midogo mno ya kaboni. Zaidi ya asilimia 40 ya umeme ikatumika kuigeuza hewa ya ukaa kuwa methanoli. Molekuli zilichakaa baada ya saa chache, hadi zilipoongezewa vikundi vya amino.